Mita Sitini na Mbili hadi Chumba cha Muziki

Bangwe, Kigoma
Alhamisi, 22 Aprili 2021

Kwako Armelle,

Mwakeye, nakuamkia kwa Kirundi chako. Mwalimu wa Kiswahili angetaka niulize kwanza habari za afya na za nyumbani, lakini Sista Honorata anaondoka kesho alfajiri kuja zahanati ya huko kambini, na habari niliyo nayo haiwezi kungoja. Keti kwanza.

Wamejibu. Kile chuo cha muziki cha Kampala wamejibu kwenye barua pepe ya Babu. Wameitazama video tuliyorekodi mwaka jana ukiimba na kupiga nyuzi za inanga yako ya Kirundi, wakati mlipopewa ruhusa ya kukaa mjini mama yako akitibiwa, na wanakuita kwenye usaili. Jumatano, tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, kwa njia ya mtandao. Ukifaulu utasoma miaka miwili, chakula na malazi juu yao.

Nanakili masharti bila kubadilisha neno. Dakika thelathini. Utaimba na kupiga inanga kwa namna ya kunong'ona, kama kwenye video. Kisha watakupigia vipande vya muziki usivyovijua, nawe utavirudisha papo hapo. Halafu kuna hili: "Mawasiliano yakikatika zaidi ya mara moja, usaili utahesabiwa umekwisha."

Sasa tatizo. Nilijaribu kuipiga rekodi yako kupitia simu ya mkononi hadi simu ya Mwalimu Gervasi, yule wa kompyuta shuleni. Akaniuliza, "Nani anapepeta mchele?" Simu inakula sauti ndogo, na muziki wako wote ni sauti ndogo. Mahali penye utulivu wa kutosha ni chumba cha muziki cha Babu peke yake. Lakini unakumbuka chumba kile kilikuwa ghala la dagaa, na kuta zake zimezungushiwa mabati ndani ili panya wasiingie. Magodoro na trei za mayai tulizobandika juu yake zinazuia kelele. Mabati yanazuia waifai. Ruta iko sebuleni, na ukifunga mlango wa ghala mtandao unakufa kama mshumaa.

Dawa ni waya. Nimepima kwa kamba: kutoka kwenye ruta hadi chumbani ni mita sitini na mbili. Katikati kuna uwanja wa kuanikia dagaa wa Bi Regina. Mwalimu Gervasi amenipa waya wa mtandao uliobaki kwenye maabara, na amesema usipozidi mita mia moja unafanya kazi. Babu amesema, "Nimefundisha kwaya miaka thelathini na mitano, sijaona mtu akiimba kwa waya." Lakini amesema hivyo huku akiniazima jembe.

Unanijua, naogopa watu. Waya siuogopi. Mtandao utakuwepo.

Rafiki yako,
Wema


Nyarugusu
Jumamosi, 24 Aprili 2021

Wema wangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye foleni ya maji, nikapiga kelele, na watu wakadhani nimeibiwa ndoo. Urakoze cane, mugenzi wanje. Asante sana.

Nimeomba ruhusa ya kutoka. Nikipata itakuwa ya siku tatu tu, tarehe 7 hadi 9, na tarehe 9 saa nane mchana gari la wagonjwa wanaorudi litanichukua. Kwa hiyo hakuna "tujaribu tena kesho," Wema. Ni siku hiyo moja. Huku kwetu laini ya simu ilifungwa kwa sababu sisi wakimbizi hatuna kitambulisho, na hata ingekuwepo, kelele za huku zingeumeza wimbo mzima.

Nafanya mazoezi kila jioni kwa mzee Manariyo, jirani yetu, yule aliyenifundisha inanga. Wazee wengine wanamsema. Jana mmoja akaniambia msichana akipiga inanga ng'ombe hukauka maziwa. Nikamwuliza, "Ng'ombe gani, mzee, hapa kambini?" Manariyo akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaniambia nipunguze mdomo niongeze vidole.

Mama anakusalimu. Siku hizi ana mawazo mengi, tuyaache hayo.

Niambie ukweli wa huo waya. Unaelewa? Sitaki unifurahishe. Nataka kujua nasimama juu ya nini.

Armelle


Bangwe
Alhamisi, 6 Mei 2021

Armelle,

Mtandao umeingia chumbani! Naanza na mwisho ili usihangaike, sasa nakueleza ulivyoingia.

Nilitakiwa kumwomba Bi Regina ruhusa ya kupita uwanjani kwake. Nilifika mpaka kwenye chanja ya kwanza, zile fito za kuanikia dagaa, mara tatu, na mara zote tatu nikageuka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Mwishowe nikamwandikia barua. Kurasa mbili, zenye vichwa vidogo vilivyopigiwa mstari. Niliiacha juu ya kigoda chake nikakimbia. Sikujua kwamba miwani yake imevunjika tangu Pasaka. Akampa Agnesi, mmoja wa wanaoanika naye, amsomee, kwa sauti, mbele ya wanawake wote wa uwanjani.

"'Ndugu Mwenyekiti wa Uwanja,'" akasoma Agnesi, na kicheko kikapasuka.

"Heee, Regina! Leo umekuwa mwenyekiti!"

"Tulia, tusikie mwenyekiti anaombwa nini."

Mimi nilikuwa nyuma ya mpapai. Bi Regina akaita, "We mjukuu wa mwalimu! Toka huko, naiona miguu yako." Nikatoka. "Huo waya una umeme?"

"Hapana, shikamoo," nikasema. Jibu na salamu vilitoka pamoja.

"Marahaba. Utaua mtu?"

"Hapana."

"Utaharibu dagaa?"

"Hapana."

"Basi upitishe juu ya chanja. Ila siku nyingine, mjukuu, kinywa umepewa cha nini?"

Ilikuwa mbalamwezi, mitumbwi imelala pwani kwa sababu dagaa hawafuati taa wakati mwezi unang'aa, kwa hiyo chanja zilikuwa tupu na safi. Niliutandaza waya juu yake kutoka mwisho hadi mwisho, nikaufunga kwa nyuzi za nyavu kuukuu. Kazi ngumu ilikuwa vichwa vya mwishoni. Ndani ya waya mmoja kuna vinyaya vinane vya rangi, na lazima viingie kwenye kichwa kwa mpangilio wake: nyeupe ya machungwa, machungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Kimoja kikikosea, kazi yote bure. Niliharibu vichwa vitano. Cha sita kikawasha taa ya kijani.

Nilifunga mlango wa chumba na kutazama somo la video kwenye kompyuta mpakato ya Babu kwa saa mbili. Halikukatika hata mara moja. Nilirudia siku iliyofuata, na iliyofuata tena.

Uliuliza unasimama juu ya nini. Unasimama juu ya waya mzima.

Wema


Nyarugusu
Jumamosi, 8 Mei 2021

Wema,

Ruhusa imetoka! Siku tatu, kama nilivyoomba. Nimemwandikia Babu majibu ya kuwapelekea chuo, yamo ndani ya bahasha hii: ndiyo, nitakuwepo, mahali pameandaliwa.

Nimecheka hiyo "hapana, shikamoo" mpaka shangazi Fébronie akauliza kuna nini. Nikamsomea. Amesema anataka kukuona kabla hajafa, na hana mpango wa kufa karibuni.

Pamoja na barua hii nakutumia daftari langu la nyimbo. Mzee Manariyo ananiimbia, nami naandika maneno. Ni la pekee. Liweke kwako, mahali pakavu. Usiniulize kwa nini, ni tahadhari tu.

Nimeanza kuamini jambo hili. Sikuwa naamini, sasa nakwambia.

Armelle


Bangwe
Alhamisi, 20 Mei 2021

Kwa Armelle,

Natumaini u mzima kama mimi nilivyo mzima. Daftari lako nimeliweka kabatini kwa Babu. Nadhani umelituma ili lisilowe mvua, ni uamuzi mzuri.

Huku maandalizi yanaendelea vizuri. Waya uko salama. Usiwe na wasiwasi wowote.

Wako mtiifu,
Wema


Bangwe
Ijumaa, 21 Mei 2021, alfajiri

Armelle,

Barua ya jana ni ya uongo. Sista bado hajaondoka, amesimama mlangoni anakunywa chai na Babu, na ningeweza kuichukua nikaichana. Nimeiacha kwenye bahasha ili uone ninavyoandika ninapodanganya. Ukipata tena barua yangu yenye "wako mtiifu," usiiamini.

Waya umeliwa na panya.

Nilikuwa na akili ya kitabu tu. Niliutandaza na kuupima wakati wa mbalamwezi, siku ambazo chanja hazina kitu na panya hawana sababu ya kuja. Mwezi ukaisha, mitumbwi ikarudi ziwani, dagaa wakarudi chanjani, na panya wa Bangwe nzima wakarudi nyuma yao. Waya wangu ulikuwa katikati ya karamu, umefungwa kwa nyuzi zinazonuka samaki. Mtoto yeyote wa hapa angejua. Mimi nimezaliwa hapa, nikasahau kuutazama mwezi.

Wameutafuna mahali patatu. Niliunga kwa kusokota na utepe, kama Babu anavyounga waya wa taa. Taa ya kijani inawaka, inazima, inawaka. Jana somo la video lilikatika mara tisa katika nusu saa.

Mwalimu Gervasi anasema waya wa mtandao hauungwi hivyo. Ananipa mwingine, ndio wa mwisho, lakini safari hii lazima upite ndani ya bomba la plastiki, chini ya ardhi. Maana yake ni kuchimba uwanja wa Bi Regina, mchanga wanaoanikia dagaa wanaozidi chanja, kutoka upande hadi upande. Na ni lazima iwe sasa, mbalamwezi inapoanza tena, mchanga ukiwa mtupu. Mitumbwi ikitoka mwanzoni mwa Juni, nafasi imekwisha.

Uliniambia nikwambie ukweli, nami kwa siku moja nilishindwa. Naona haya. Lakini sijashindwa waya.

Wema


Nyarugusu
Jumamosi, 22 Mei 2021

Wema,

Nilisoma ya kwanza nikasema, huyu ni nani? Niliposoma ya pili nilikasirika, nikatembea mpaka mwisho wa zoni yetu ya kambi na kurudi. Nimerudi sina hasira tena, kwa sababu mimi ni mwongo kuliko wewe. Wewe ulidanganya siku moja. Mimi nimedanganya mwezi mzima.

Sikutuma daftari kwa ajili ya mvua. Mama ameandikisha majina yetu kurudi Burundi. Yeye, mimi na wadogo zangu wawili. Gari letu ni Jumanne, tarehe 15 Juni. Anasema amechoka kuishi mahali ambapo hata kutoka kwenda sokoni ni kuomba karatasi, anataka kulima shamba lake kabla mgongo haujakataa. Na ni kweli. Lakini huko tunakokwenda hakuna chuo, hakuna Manariyo, na nyumba ni ya kuanza na tofali la kwanza. Mimi ndiye mtoto mkubwa. Nikipanda lile gari, inanga imekwisha. Najua hivyo kama ninavyojua jina langu.

Jana nilimwambia mama kila kitu, na habari ya panya pia. Kisha akasema, "Jibu la chuo likifika mkononi mwangu, karatasi, kabla gari halijaondoka, utabaki kwa shangazi yako Fébronie mpaka shule ifunguliwe. Lisipofika tunapanda wote. Siwezi kumwacha mtoto wangu nyuma kwa ahadi ya hewani."

Chuo wanasema wanajibu ndani ya siku tano. Hesabu mwenyewe.

Sikukwambia kwa sababu uliandika kwa furaha, nami sikutaka waya wako uwe mzigo. Sasa ni mzigo. Samahani, sha, rafiki yangu. Ubebe.

Na kwa Bi Regina usiende na barua.

Armelle


Bangwe
Alhamisi, 3 Juni 2021

Armelle,

Sikwenda na barua.

Barua yako ilinifika Jumapili baada ya misa. Niliisoma, nikatoka na jembe begani ili nisipate nafasi ya kujifanya ninapita tu. Bi Regina alikuwa amekaa anachekecha mchanga. Nikasema shikamoo peke yake, nikangoja marahaba, nikasema, "Naomba kuchimba uwanja wako."

"Unaomba nini?"

"Mtaro. Kina cha goti. Kutoka kwenye ukuta wetu hadi ghalani."

Alinyanyuka. "Wema, mchanga huu tumeuchekecha kwa mikono hii miaka tisa. Unajua chini yake kuna nini? Udongo mwekundu. Ukiupandisha juu, dagaa wanashika udongo, mtu anatafuna changarawe, kesho anakwenda kununua Ujiji. Wewe na waya wako mtatulisha?"

Armelle, nilitaka kukimbia. Miguu ilishaanza. Nikasema harakaharaka, nikitazama chini, kwamba ni kwa ajili yako, kwamba kuna usaili, kuna gari la tarehe 15, kuna mama yako na karatasi. Nilisema yote bila kupumua. Nilipoinua macho wanawake wote walikuwa wameacha kazi.

"Armelle yupi? Yule mtoto wa Kirundi aliyetusaidia kuanua siku ile ya mvua?"

"Ndiye."

"Aliyevua kitenge chake akafunika dagaa wangu, yeye akalowa?"

"Ndiye huyo, Bibi."

Bi Regina akanitazama kama mwalimu anavyotazama hesabu iliyokosewa mstari wa kwanza. "Kurasa mbili uliniandikia. Mita, nyaya, bomba. Mtu hukumtaja hata mmoja. Ningejuaje?"

Nilidhani sababu za kitaalamu ndizo zenye heshima.

Akatoa sharti: mchanga wa juu uwekwe kwenye turubai upande huu, udongo mwekundu upande ule, na baada ya kufukia, mchanga urudi juu ukiwa umechekechwa, punje kwa punje. Nikasema nitafanya hata kwa wiki nzima. Agnesi akasema, "Wiki nzima! Mwezi utakungoja wewe?" Jumatatu asubuhi nilipotoka niliwakuta kumi na mmoja wameshafika, na machekecheo yao. Walinitania kutwa. "Mwenyekiti, mtaro umepinda!" "Fundi, usituumize migongo, sisi hatuna usaili!" Jioni usingeweza kujua kwamba palichimbwa. Babu alikuja kutazama, akaondoka bila kusema neno, na kwa Babu hiyo ni sifa.

Waya mpya uko ndani ya bomba. Nimeziba ncha zote mbili kwa lami, hata sisimizi hapiti. Vichwa vilikubali mara ya kwanza. Nimeupima kwa siku tatu, na jana mitumbwi imetoka, leo uwanja umejaa dagaa, na nimewaona panya kwa macho yangu wakipita juu ya waya huo bila kujua kwamba upo. Saa tatu mfululizo, haukukatika.

Nakwambia ukweli, na naandika hivi bila kujipamba: mahali ni imara. Njoo.

Wema


Nyarugusu
Alhamisi, 10 Juni 2021

Wema,

Tumekaa pamoja siku mbili na nusu, na jambo lenyewe tukalifanya kila mmoja peke yake: mimi ghalani, wewe sebuleni kwenye ruta. Kisha gari likaja kabla ya wakati, likapiga honi, hatukusemezana hata maneno kumi. Kuna mama anayempeleka mtoto hospitali Kigoma kesho, atakuletea barua hii. Nakueleza ulichokosa kuona.

Walikuwa watatu. Wanaume wawili na mama mmoja mwenye miwani mikubwa aliyeniambia nimwite Mwalimu. Nilianza kupiga. Ile sehemu ya mwanzo, ambapo sauti iko chini ya nyuzi na si juu yake, nilinong'ona kama tunavyonong'ona kwa Manariyo, bila kusukuma. Nikamwona yule mama anasogeza uso karibu na kioo. Hakuniambia ongeza sauti, Wema. Mtu asiyesikia husema ongeza sauti. Yeye alifumba macho.

Kisha wakaanza vipande vya kurudisha. Cha kwanza, sawa. Cha pili, sawa. Cha tatu nilikuwa katikati, picha ikaganda. Mama yule mdomo wazi, hatikisiki. Kisha maandishi: mawasiliano yamekatika.

Nikajua hiyo ni mara ya kwanza, na kwamba ya pili haipo. Sikutoka nje. Nilijisemea kama mtaro umeshindwa, Wema anajua, na kama kuna la kufanya, Wema analifanya sasa hivi. Nikaweka vidole kwenye nyuzi, nikangoja. Nilihesabu mpaka mia na thelathini na saba. Picha ikarudi. Yule mama akasema, "Uko hapo?" Nikasema, "Nipo." Nikaendelea na kipande pale nilipoachia.

Mwishoni waliniuliza nani alinifundisha. Nikamtaja Manariyo. Wakaniuliza nani aliandaa mawasiliano, nikasema rafiki yangu anayesoma kidato cha tatu. Wakatazamana. Sijui kutazamana huko ni kwa nini, na tangu jana nimelitafsiri jambo hilo kwa namna kumi.

Mama ameanza kufunga vyombo. Jumanne, saa tatu asubuhi.

Ilikuwa nini, ile mia na thelathini na saba?

Armelle


Bangwe
Jumamosi, 12 Juni 2021

Armelle,

Ulikuwa umeme, ulikatika. Nilimfikiria panya kwa wiki tatu, sikumfikiria umeme hata siku moja. Feni ilisimama, ruta ikazima taa zote, na mtaro wetu mzuri ukawa bomba lenye waya usio na kitu.

Nilitoka mlangoni. Unajua uwanjani mchana wanawake huchaji betri za taa za mitumbwi, wanazilaza kandokando ya dagaa na vile vioo vya jua. Ruta ina namba nyuma yake, volti kumi na mbili, na betri zile zina namba hiyohiyo, niliwahi kuisoma. Lakini kutoka kwenye ngazi yetu hadi pale ni mbali, na kukimbia na kurudi kungekula dakika. Kwa hiyo nilipiga kelele. Mimi. "BETRI! BI REGINA, BETRI!" Sijawahi kusikia sauti hiyo, nikageuka kuangalia nani kaita.

Agnesi alikimbia nayo kichwani kama ndoo. Bi Regina akawa nyuma yake anasema, "Nani kafa?" Nilikata waya wa chaja ya ruta kwa meno, nikashika chanya na hasi kwa vidole, na sikuviachia mpaka nilipokusikia umefungua mlango. Vidole vimevimba kidogo. Bi Regina alikaa kwenye kochi la Babu muda wote, mikono mapajani, kama yuko kanisani.

Chuo hawajajibu. Nafungua barua pepe kila nusu saa. Sista Honorata haji huko mpaka tarehe 18, na hiyo ni kuchelewa. Sijui nitaifikishaje barua hii. Naiacha wazi.

Jumatatu, 14 Juni

Imefika saa nne asubuhi. Armelle, imefika. Siandiki yaliyomo hapa, karatasi yenyewe ina haki ya kusema kwanza.

Nimempigia Sista mara sita. Yuko mafungo, simu imezimwa. Shule zimefungwa, lakini Mwalimu Gervasi amekuja na funguo, akafungua maabara na kuchapa nakala mbili. Babu ameniambia, "Nenda wewe." Nikamwambia sijawahi kwenda Kasulu peke yangu, na getini kuna askari. Akasema, "Watakuuliza unataka nini. Utawajibu." Naondoka na basi la saa saba. Nitalala kwa binamu wa Babu huko Kasulu.

Jumanne, 15 Juni, getini

Nimefika saa mbili na dakika kumi kwa pikipiki. Siruhusiwi kuingia bila kibali. Nimemwamkia askari, nikamweleza kwa mdomo, na nilianza na wewe: jina lako, mama yako, gari la saa tatu. Amenisikiliza mpaka mwisho. Anamtuma mwenzake na baiskeli sasa hivi.

Karatasi imo ndani. Mpe mama yako aisome yeye mwenyewe. Umekubaliwa.

Nipo hapa. Siondoki.

Wema


Nyuma ya karatasi hiyohiyo

Wema,

Tulikuwa tumeshakaa, injini inawaka. Askari wa baiskeli aliita jina langu safu kwa safu, na mimi niliogopa kuitika, nikadhani ni kosa la ruhusa. Mama ndiye aliyesimama.

Aliisoma mara mbili. Aliuliza tarehe ya kufunguliwa shule, nikamwonyesha kwa kidole. Akaikunja, akaitia kifuani, kisha akasema hiyo ni yake na mimi nitumie nakala. Halafu akawaambia wadogo zangu wanipishe nipite. Akanishika mkono akaniongoza mpaka mlangoni, kama siku ya kwanza ya chekechea, akarudi kitini kwake na hakutazama nyuma. Begi langu amenipa kupitia dirishani.

Siwezi kuandika vizuri, samahani kwa madoa.

Gari limeondoka. Mimi niko chini. Shangazi Fébronie amenishika bega, na askari ananingoja nimpe karatasi hii. Baki hapohapo ulipo, nakuja mpaka kwenye uzio.

Armelle